Kwaheri Ezron, Mwakilishi Aliyekwenda Msangano Kukiri Kosa Lake

Nimeambiwa tangu jana asubuhi na akili bado inakataa. Ezron hayupo.

Presha ilimwangusha akinywa chai nyumbani kwake Vwawa. Mkewe alinipigia: "Shemeji, kaka yako ametuacha." Nikamwuliza kaka yupi.

Kwa wasiomfahamu, Ezron alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Hakuwa wakili. Alikuwa fundi wa malori hapa Tunduma, akafukuzwa kazi, akajitetea mwenyewe kwenye usuluhishi, akashinda. Tangu hapo wafanyakazi wakawa wanamfuata awasemee. Mimi nilijiunga naye baadaye, nikitokea HR, upande wa waajiri.

Watu walituita vishoka, yaani mawakili wa kujipachika. Nilikuwa nakasirika. Yeye alisema, "Vishoka wapo, bwana. Wengine tunakaa nao benchi moja."

Mwaka juzi alimpokea Mama Sekela, mpishi wa hoteli moja ya hapa mpakani, aliyeachishwa kazi akidaiwa kutukana wageni. Mama huyu alitaka jina lake lisafishwe, arudi jikoni kwake. Basi.

Ezron alikuwa na mashauri mengi kuliko uwezo wake. Fomu ya Mama Sekela ikakaa kwenye faili mpaka deadline ya siku thelathini ya kufungua shauri ikapita. Alipoipeleka, shauri likakataliwa kwa kuchelewa.

Nikamwambia, na leo naandika hapa kwa aibu, "Mwambie tu wamekataa. Hatajua."

Akanitazama. "Ameniachia mpaka vyeti vyake halisi. Halafu nimdanganye?"

Kesho yake tulikwenda Msangano, ambako mama alikuwa amerudi kulima. Tulimkuta anapepeta mpunga. Ezron hakukalia hata kigoda alichopewa.

"Mama, nilichelewesha karatasi zako. Msuluhishi hakukuonea. Kosa ni langu."

Mama Sekela akaendelea kupepeta. Kisha akasema taratibu, "Ningeenda kwa mtu mwingine. Mbona hukuniambia umezidiwa?"

 

Tuliporudi, Ezron aliomba kuongezewa muda, akaapa kwa maandishi kwamba uzembe ulikuwa wake. Siku ya hearing wakili wa hoteli alikisoma kiapo kile kwa sauti, anatabasamu. Maombi yakakataliwa. Mama Sekela hakurudi jikoni.

Tulipotoka nje Ezron akaniambia, "Yule wakili akimwangusha mteja, kuna mahali pa kumshitaki. Anaweza kunyang'anywa leseni. Mimi nimemwangusha mama wa watu, na Jumatatu naingia tena humo ndani na tai yangu. Nani wa kunizuia?"

Kwa kuwa hakuwepo wa kumzuia, alijizuia mwenyewe. Miezi sita. Akarudi kushika spana gereji, na kila aliyemletea shauri alimwelekeza kwangu, akimweleza wazi kwa nini.

Ndani ya miezi hiyo aliandika masharti ya ukurasa mmoja. Usichukue shauri usilolimudu. Usisaini makubaliano ambayo mteja hajasomewa akaelewa. Usizungumze na mwajiri kwa siri. Ukikosea, sema.

Alizunguka nayo Tunduma, Vwawa, mpaka Ileje, akiwaomba wawakilishi wenzetu wasaini. Mmoja akamwuliza, "Unataka kutufungia riziki?" Tulisaini wanne.

Akaandika barua kwa wakubwa serikalini, akaomba kuwe na daftari la wawakilishi wasio mawakili, na mahali ambapo mteja atalalamika akapata majibu, na mwenye kosa afutwe jina. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Wiki iliyopita alikuwa bado anafuatilia.

Hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, na ukimkatiza akiongea alinuna siku mbili. Lakini sijawahi kumwona akimkwepa mtu ambaye yeye mwenyewe amemkosea.

Leo asubuhi, kabla ya kuja msibani, nilimpigia binti mmoja wa Mlowo. Nimelishika shauri lake miezi miwili, na tangu wiki ya kwanza nilijua limenizidi. Nilimwambia hivyo, nikampa jina la wakili. Alinifokea. Nilisikiliza mpaka akamaliza, nikampelekea faili lake.

Kesho saa nane tunakuzika kijijini kwenu Ruanda, karibu na mama yako. Barua yako ninayo nakala. Nitaifuatilia mimi.

Lala, Ezron. Lala vizuri, kaka yangu.