Supu ya Mfalme

Nyumbani kwangu hakuna anayeanza kula kabla sijatia kijiko mdomoni. Wadogo zangu wana mvi sasa, lakini wakinitembelea bado wananingoja. Wageni hudhani ni heshima kwa kifungua mimba. Ni mazoea tu, tuliyatoa kwenye nyumba ya mzungu mmoja juu ya Njoro, miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau.

Sisi wafanyakazi tulimwita Mfalme, ila mbele yake alikuwa Bwana. Kwao Ulaya alizaliwa katika ukoo wa wakubwa, na kwenye shamba lake neno lake lilikuwa la mwisho. Akisema familia fulani ihame, ikifika jioni kibanda chao kimeshabomolewa. Baba alikuja kutoka magharibi kufanya kazi kwenye mashine zake za ngano, akafa. Mama akamfuata kabla ya mavuno mengine. Nikaacha shule darasa la nne ili tusitolewe kwenye kambi ya wafanyakazi, kwa sababu sharti lilikuwa hilo: mmoja wetu akifanya kazi, wote wanne tunalala pale.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuonja. Memsab, mke wa Bwana, alikuwa amesikia kwamba kwenye shamba fulani mpishi alitia kitu kwenye chai, na tangu hapo hakumwamini mtu yeyote aliyeshika sufuria. Chakula cha jioni kililiwa jua likiwa bado juu, maana giza likikaribia watumishi wote tulifungiwa nje. Nilisimama kando ya meza, nikapewa kijiko kimoja cha kila kitu. Halafu Bwana alijaza kiko chake taratibu. Akimaliza kukijaza na mimi bado nimesimama, walikula.

Kambini walinitania. Walisema mashavu yangu yameanza kuwa ya kizungu, na kwamba nikifa wanizike na kuku mzima.

Mpishi alikuwa mzee Mkikuyu aliyempikia Bwana tangu hajaoa. Watu wake walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Yeye aliachwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kupika vile Bwana alivyopenda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila siku moja niliona kijiko cha chai nilichozoea hakipo kwenye trei, mahali pake pamewekwa kijiko kikubwa cha supu. Nilipomtazama, alisema, "Wakitaka uonje, onja ushibe." Na makombo ambayo mbwa hawakuyamaliza hayakufika jaani, yalifika kwa wadogo zangu.

Mchana mmoja mbwa mkubwa wa Bwana alikutwa amekauka nje ya mlango wa jikoni, mdomo umejaa povu. Alikuwa analishwa kutoka jiko hilo hilo. Supu ilikuwa motoni, na maziwa kwenye moto mdogo kando yake. Bwana aliingia na bastola kiunoni, akatuita wote, akachota supu hiyo mpaka bakuli likafurika, akaliweka mbele yangu.

"Kula," alisema. "Yote."

Wadogo zangu walikuwa wamesimama mlangoni na mkebe wao, wamekuja kuchukua maziwa yaliyotolewa siagi. Mpishi aliwaona. Mimi nilijua hakutia kitu. Lakini yeye alikuwa ametoka kidogo kwenda bustanini kung'oa vitunguu, na hakujua nani alipita jikoni nyuma yake. Nadhani ndiyo sababu alisema alichosema.

"Bwana, mtoto aonje kidogo tu. Hiyo ingine nitakula mimi."

Memsab alifunika mdomo kwa mkono. Katika nyumba ile maneno hayo yalisikika kwa njia moja tu, kwamba anajua kuna sumu. Mpishi mwenyewe alishtuka, kama aliyeangusha sahani ya watu. Nikashika bakuli kwa mikono miwili, nikanywa bila kijiko, nikalipangusa kwa kidole ili asipatikane wa kusema nimebakisha. Ilikuwa ya mkia wa ng'ombe, na pilipili manga. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwamba ilikuwa tamu.

Bwana akajaza kiko, akakivuta mpaka kikaisha, akakijaza tena.

"Mimi ni mzima, Bwana," nikasema.

"Naona."

Lakini simu ilikuwa imeshapigwa. Askari walimchukua mpishi na aproni yake kiunoni. Akipita karibu nami alisema, "Angalia maziwa, yasimwagike." Nilipogeuka yalikuwa yameshamwagika, jiko lote linanuka.

Baadaye mchungaji wa ng'ombe alipata nyama kwenye pengo la ua, ile Bwana mwenyewe aliyoitia sumu kwa ajili ya fisi. Ilikuwa imetafunwa na mbwa. Alimweleza Bwana mbele yetu sote. Nilingoja Bwana ainue simu. Aliagiza ua uzibwe.

Memsab akaniita, akasema sasa nitapika mimi, maana nimeona kila kitu kikipikwa. Ila mpishi haonji sufuria yake. Akanyoosha kidole dirishani, kwa mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuwa anaokota kuni. Yule aanze kesho, akasema, atakula vizuri.

Nikasema hapana. Akaniuliza kama nakumbuka tunalala kibanda cha nani.

"Nakumbuka, Memsab."

Nilitundika aproni yangu ya kazi kwenye msumari, karibu na kofia ya mzee iliyokuwa bado pale. Tulitoka wote wanne na blanketi zetu, tukafuata reli mpaka Nakuru, kwa mtu wa nyumbani kwetu aliyefanya kazi reli. Alitupa sakafu karibu na jiko lake. Jioni hiyo mke wake alitupakulia ugali na sukuma wiki, na wadogo zangu hawakugusa. Walikuwa wananitazama mimi. Nikamega, nikatafuna, nikangoja kidogo, nikawaambia wale.

Mzee hakurudi, na niliowauliza hawakujua alipelekwa wapi. Wajukuu hulalamika kwamba chakula kinapoa nikiwa nimeshika kijiko tu. Siku nyingine nikingoja hivyo nasikia harufu ya maziwa yakiungua. Nainuka kwenda kutazama, na kwenye jiko hakuna sufuria.