Zabibu za Mwisho za Baba

Baba yangu alilima zabibu Dodoma maisha yake yote, na maringo alikuwa nayo. Mvinyo mweupe, alikuwa akisema, mtu hautengenezi, unatengenezwa na udongo. Shamba lake lilikuwa la kichanga chekundu, kikavu, chenye mawe ya chokaa chini. Mizabibu ilihangaika kutafuta maji, ikazaa tunda dogo, kali, lenye ganda gumu. Kazi ya kuuchachusha mvinyo aliuachia ule unga mwembamba unaokaa juu ya ganda, basi. Waliotia hamira ya dukani aliwaita waoka mikate.

Moyo ulipoanza kumsumbua tukamleta kwangu Temeke, karibu na hospitali. Kaka zangu wakauza shamba bila kumuuliza sana. Mnunuzi anajenga nyumba, mizabibu yote inang'olewa. Nilipiga simu, nikagomba, nikalia, haikusaidia kitu. Nilichoambulia ni ndoo mbili za mavuno ya mwisho, zilizokuja kwa basi. Nilizipokea stendi ya Mbezi Luis asubuhi, nikaziacha jikoni, nikakimbilia kazini.

Jioni nikakamua kwa mikono, baba akisimamia kutoka kitini: maganda weka pembeni, chuja kwa kitambaa, funika lakini usikaze. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama, ambaye naishi naye hapa, alishika kitambaa. Juisi tukaiweka kwenye ndoo moja chumbani kwa baba.

"Kesho kutwa itaanza kuongea," akasema.

Haikuongea. Kila asubuhi nilimkuta ameinama, sikio kwenye mfuniko, na kifua chenyewe kinamkwaruza. Nikaleta feni. Nikaizungushia ndoo matambara mabichi. Iliniuma sana kwamba mimi, mtu mzima mwenye kazi na simu ya maana, nashindwa kumpatia mzee wangu povu tu. Mwishowe juu ya juisi ukaota ukungu wa kijani.

"Labda ni joto la huku, baba."

"Joto lingeiharakisha."

Mama mdogo akaingia na chai, akachungulia ndoo. "Ila uchafu si sababu, shemeji. Zile zabibu zilikuja na vumbi hilo! Mie nilizisugua moja moja, maji ya moto na chumvi." Alisema kwa fahari. Ndivyo anavyoosha kila tunda tangu kipindupindu kipite mtaani kwetu.

Baba hakumgombeza. Alipokea chai, akamshukuru, akanywa kidogo. Mimi nikaukumbuka ule unga wa juu ya ganda.

"Yale maji uliyamwaga wapi, shemeji?"

"Uani, nyuma ya karo."

Akaomba fimbo yake. Nilimshika mkono hadi nje. Alisimama nyuma ya karo akiutazama mchanga, ambao ulikuwa umekauka siku nyingi, halafu akaniomba nimsaidie achuchumae, aliguse vumbi la shamba lake.