Soksi za Chupa Zafumwa Kuresoi

Saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya viazi ya Kuresoi, na Cheptanui tayari ameketi juu ya gunia mlangoni, akifuma soksi ndogo ya kijani.

"Mama Chelimo, nani amejifungua?" anamtania Kimutai, jirani anayepita na jembe begani.

"Wazee. Hata wewe nakungoja."

Kimutai anaongeza mwendo. Mara mbili mkewe ameona damu chooni baada ya mumewe kukojoa. Yeye anasema ni baridi tu.

Soksi hizo huvalishwa chupa za mkojo. Cheptanui, mjane na mhudumu wa afya ya jamii, huzipeleka kliniki mjini Molo, mkojo upimwe dalili za saratani ya kibofu. Zamani wazee walikataa. Mzee wa hapa atampaje mwanamke chupa inayoonyesha kilichomo? Cheptanui aliliombea jambo hilo, kisha akashika uzi.

"Mume wangu alikojoa damu akanyamaza, eti ni bitiruti aliyokula," anasema. "Tulipojua, tulikuwa tumechelewa. Sitaki mwanamke mwingine ayaone hayo."

Leo anangoja simu ya kliniki. Shemeji yake, Kosgei, alitibiwa saratani hiyo mwaka jana, na wiki iliyopita alileta chupa ijulikane kama saratani imerudi. Ameketi karibu, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

"Ule mpira wa kamera wanaokuingiza mpaka kibofuni, hata fahali hauwezi," ananung'unika.

"Omba, shemeji."

"Nimeomba mpaka Mungu amejua kikohozi changu."

Simu inalia. Cheptanui anasikiliza, anashukuru, anafuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

"Hawakuona dalili. Daktari anasema mpira ungoje kwanza. Utaleta chupa nyingine baadaye."

Kosgei anaweka kisu chini. Anaanza wimbo wa kanisa kwa sauti iliyopinda, na kuku wanatawanyika uani. Cheptanui anacheka mpaka uzi unamponyoka, kisha anaitikia.

Anajua kipimo cha mkojo hakimalizi yote. Dalili zikionekana, daktari bado atachungulia ndani. "Lakini mtu akija mapema, ana nafasi," anasema. Tumaini lake ni kila boma hapa liwe na soksi yake.

Wimbo haujaisha, mtu anakohoa nyuma ya ua. Ni Kimutai, jembe bado begani.

"Mama Chelimo," anasema akitazama viazi, "ya kahawia unaweza kufuma? Hiyo ya kijani ni ya mtoto."

Cheptanui tayari anatafuta uzi kikapuni.