Sentimita Mbili kwa Wiki

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, Kifungo alimpima mwanawe kichwa. Mtoto alikuwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kipande cha shuka. Aliizungusha tepu juu ya nyusi, akaipitisha kisogoni, akaikutanisha mbele, akasoma namba akiwa amebana pumzi. Kisha akaiandika ukutani kwa chaki ya fundi, pembeni ya cherehani. Hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Walimwita Kifungo kwa sababu ya mdomo wake: ukishafungwa, umefungwa. Kazi yake ilikuwa kola. Duka lilikuwa la mama mkwe wake, chumba kimoja chenye cherehani mbili, pasi, meza ya kukatia, na mashine ya overloki, ya kufunga kingo za nguo, iliyoendeshwa na mzee mmoja ambaye naye watu walishamwita Overloki, jina lake wamelisahau. Mume wa Kifungo alikuwa dereva wa lori: wiki mbili njiani, siku mbili nyumbani.

Mtoto walimpa jina la utani Kilo. Alizaliwa wa miezi saba, kilo moja na kidogo, njiti hasa. Kabla ya hapo miguu ya Kifungo ilivimba mpaka ikakataa viatu. Kichwa kilimgonga, na macho yakaona nyotanyota akiwa anatazama mshono.

"Mimba si ugonjwa, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Mimi huyo mumeo nilimzaa, nikainuka nikamalizia suruali ya mteja."

Kulikuwa na oda ya sare za shule. Kifungo akajikaza. Siku ya nne akaangukia meza ya kukatia. Hospitalini wakasema presha imepanda vibaya, mtoto atolewe sasa hivi, la sivyo watawapoteza wote wawili.

Sare zilitoka kwa wakati. Hilo mama mkwe hulisema mpaka leo.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa wodi ya njiti alimkalisha Kifungo kwenye kiti.

"Wewe ni fundi, tepu sikufundishi. Watoto hawa mishipa ya ubongo wao ni laini kama utando wa buibui. Wengine huvuja damu mle ndani, maji yakakosa pa kupita, kichwa kikafura. Leo ana thelathini. Kikiongezeka sentimita moja kwa wiki, shukuru Mungu. Kikikimbilia mbili, usingoje tarehe ya kliniki. Unakuja siku hiyohiyo. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia."

"Nimesema siku gani?"

"Hiyohiyo."

Wiki ya kwanza ukuta ulisema thelathini na moja. Ya pili, thelathini na mbili. Kilo akaota mashavu, na duka zima likafurahi.

"Hebu muone kichwa!" mama mkwe aliwaambia wateja. "Huyu hakimu huyu. Akili haijifichi."

"Tatizo litakuwa kofia," Overloki akasema, pini zimejaa mdomoni. "Itabidi nimshonee ya mita nzima."

Wakacheka. Kifungo naye akacheka, kwa meno tu.

Wiki ya tatu ilipotimia, tepu ilisoma thelathini na nne. Akapima tena. Thelathini na nne. Kilo alikuwa ametapika mara mbili tangu alfajiri, na alilala usingizi mzito usiotaka kuamshwa hata kwa ziwa. Utosini, pale palipokuwa pakibonyea kama unga uliochekechwa, palikaza kama ngoma. Na alipofumbua macho aliyatupa chini, weupe ukabaki juu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Mama," Kifungo alisema, "zimekuwa mbili."

Mama mkwe hakuinua uso. "Tepu hiyo imechoka. Miaka sita iko shingoni mwako, imevutika. Kliniki ni Alhamisi ijayo, sare za oda hii mpya zinachukuliwa Ijumaa hii. Tumalize, halafu tutakwenda sote kwa raha zetu."

Kifungo alitaka kuamini. Aliyejeruhiwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Huenda na yeye aliogopa ung'ongo tu. Akakaa, akakanyaga pedali, akashona kola mbili. Katika ya tatu mguu wake ukasimama wenyewe.

Tepu ikivutika, sentimita zake hurefuka. Kiuno cha themanini inakisoma sabini na nane. Ndiyo maana fundi mwenye tepu kuukuu hushona nguo zinazobana. Tepu iliyovutika hupunguza. Haiongezi kamwe. Kama tepu ile ilikuwa inadanganya, basi kichwa cha Kilo kilikuwa kikubwa kuliko namba iliyoko ukutani.

Na mama mkwe, fundi wa miaka arobaini, hakuhitaji kuambiwa hilo na mtu.

Kifungo akageuka autazame ukuta. Ulikuwa umelowa. Mama mkwe alisimama pale na kitambaa mkononi, na namba zote tatu zilikuwa zimekwisha kuwa maji meupe yanayochuruzika.

"Ulikuwa mchafu," mama mkwe alisema. "Wateja wanaona."

Overloki aliacha mashine yake.

"Thelathini na moja," Kifungo akasema taratibu. "Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Vipimo havikai ukutani, mama. Vinakaa kwa fundi."

Akainuka. Akaikaza shuka, akakiegemeza kichwa cha mtoto chini ya kidevu chake, akahisi utosi ukimdunda kooni, haraka haraka.

"Ukitoka na sare hazijaisha," mama mkwe alisema, "usinirudie hapa."

"Nenda, binti yangu," Overloki akasema kwa sauti ya chini. "Kola nitashona mimi."

"Wewe kola huijui!" mama mkwe akafoka.

"Nitajifunza leo."

Tepu ilikuwa bado shingoni mwa Kifungo. Alipita katikati ya marobota ya sare, akafungua mlango, akaishika barabara ya hospitali akikaribia kukimbia, mkono mmoja kwenye kisogo cha mwanawe. Kola ya tatu ilibaki chini ya sindano, imeshonwa upande mmoja. Mama mkwe alihesabu kwamba ikifika jioni atakuwa amerudi.

Hakurudi; jioni ilimkuta hospitalini, Kilo mikononi mwa madaktari.