Anamngoja Nani

Kila asubuhi, kabla ya kutia mpunga, Mwavita alikishika kinu chake masikio yote mawili na kukizungusha, mpaka ule upande anaposimama yeye, mwanzishaji wa wimbo, uelekee mto. Wenzake walishazoea. Walikaa na michi yao mapajani wakamngoja amalize.

Mtoni, saa hiyo hiyo, mtumbwi wa mji wa Kindu ulikuwa mazoezini. Wanaume kumi na wawili wamesimama, kila mmoja na kafi lake, na wa mbele kabisa ndiye mwenye mwendo. Akizamisha, wote wanazamisha. Akipunguza, wote wanapunguza. Kila Ijumaa baada ya swala walishindana na mtumbwi wa ng'ambo, toka kisiwa cha mchanga mpaka kivukoni, na Mwavita hakuwahi kukosa hata mara moja. Wanawake wengine walikwenda kutazama nguo za watu. Yeye alikwenda kutazama makafi.

Mwaka ule wa mbele alikuwa Musafiri, kijana mpole wa mikono mirefu, ndevu hazijamtoka vizuri. Aliyemweka pale ni Mwinyi Rehani, mfanyabiashara wa pwani. Mtumbwi ulikuwa wake, na waliopiga makafi walikuwa wake vilevile.

Ijumaa tatu zilipita. Musafiri alishindwa zote tatu.

Sasa, Kindu ya wakati ule habari zilitoka vinuni. Kinu kimoja wanawake watatu, mmoja anaanzisha, wawili wanaitikia, na chochote kilichotokea jana kilikuwa kimeshatiwa katika wimbo kabla umande haujakauka. Kinu cha jirani kikisikia kinachukua, na cha mbele yake vilevile. Wabeba mpunga waliufikisha wimbo hata mji wa Kibombo. Na aliyeimbwa hakuwa na mahali pa kujibia.

Wimbo wa Musafiri aliutunga Safi, msichana wa kinu hicho hicho cha Mwavita, mwenye sauti tamu na ulimi usiopoa.

*Musafiri mwendo wa kobe,*
*ng'ambo wamekula, wamelala,*
*yeye bado yuko majini!*

Mwavita alitwanga kimya.

"Mama, mbona hauitikii?" Safi akamwuliza huku anacheka.

"Muchi wangu njo unaitikia."

"Eh! Mama anamupendelea huyu mutoto. Kesho atamupikia."

"Ninamupendelea kwa sababu ninaangalia. Nyinyi munaangalia mwisho tu, nani amefika. Mimi ninaangalia toka kule kisiwani."

"Na umeona nini?"

Mwavita akainama kuokota punje zilizoruka.

Aliona hivi. Musafiri alitoka kisiwani kama jiwe la teo, akaacha watu wa ng'ambo nyuma mpaka penye matete. Halafu, kwenye mawe matatu yaliyochomoza majini, aligeuza shingo kidogo tu, kama mtu anayesikiliza mlango, akafupisha kafi lake. Si kwa kuchoka. Nafasi ya nne nyuma yake alisimama Bakari, na kifua cha Bakari kilikuwa kimekwisha. Asiyeweza kushika mwendo anagongana na makafi ya wenzake, na kila mtu anaona. Kijana alipunguza ili mzee asionekane.

Bakari huyo alikuwa mume wa Mwavita. Nyumbani, akila, kifua kilipiga filimbi baina ya tonge na tonge. Mwavita alijifanya hasikii, na Bakari alijifanya hajui kwamba anasikiwa.

Jumatano Mwinyi Rehani alishuka kivukoni mwenyewe, akasema mbele ya watu: msafara wa pembe za ndovu unaondoka Jumamosi kwenda pwani, na mtu anayeharibu mtumbwi wake atabeba pembe. Hakutaja jina. Wote walimtazama Musafiri, naye akatazama miguu yake. Njia ya pwani ilijulikana. Waliokwenda walikuwa wengi, na waliorudi watu waliwajua kwa majina.

Kesho yake Safi alikuja na mstari mpya.

*Musafiri, pembe inakungoja,*
*huko hakuna wa kushindana naye!*

Wakacheka mpaka kinu cha jirani. Mchi wa Mwavita ukasimama hewani.

"Nyamazeni! Mutoto wa watu anapelekwa kufa, nyinyi munacheka? Hana woga, hana uvivu. Anamungoja muntu!"

Safi akaegemeza mchi wake kinuni.

"Anamungoja nani, Mama?" Safi akauliza, polepole.

Mwavita akautazama mpunga. "Tupige kazi."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Jua halijafika utosini alilisikia kwenye kinu cha tatu, limeshavaa sauti: *Anamngoja nani? Anamngoja nani?* Waliokuwa wakitazama mwisho tu wakaanza kukumbuka katikati. Nani anakohoa? Nani hushuka wa mwisho, ameshika ukingo wa mtumbwi? Alasiri msichana mmoja mdogo, ambaye hata mtoni hakuwahi kufika, alipita na ungo kichwani akiimba, *Anamngoja Bakari.*

Jioni Bakari alirudi bila kafi.

"Waliniita kwa Mwinyi, wakaniuliza," akasema, akaketi kizingitini. "Nilitaka kukataa, nikakohoa. Hata nafasi ya kusema uongo sikupata." Akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Nani alianza?"

"Mimi."

Bakari akamgeukia. "Sasa ungemuacha mutoto aende?"

"Sikutaka aende. Sikutaka uende. Nilitaka wanyamaze tu."

Bakari akasogea kizingitini ili Mwavita naye apate kuketi.

Ijumaa kijana mwingine alisimama nafasi ya nne, na mtumbwi wa Kindu ukafika kivukoni watu wa ng'ambo wako bado kwenye mawe. Watu waliingia majini na nguo zao. Mwavita alikuwa nyumbani, akishona mkeka ulioachia pembeni. Ni mara ya kwanza hakwenda.

Musafiri alimkuta hapo, maji yanamchuruzika. Hakusalimu.

"Mama, kwa nini haukuninyamazia?"

"Mwanangu."

"Miye niko na mabega. Pembe ningeibeba. Nilikuwa nimekubali kabisa, Mama. Muzee njo alinifundisha kusimama ndani ya mutumbwi, nikiwa ninaanguka kila siku, hakunicheka hata siku moja." Akajifuta uso kwa mkono uliolowa, usoni pakazidi kulowa. "Leo wote wananiimba jina. Sitaki."

Mwavita alimshika kifundo cha mkono, akakishika tu, mpaka kijana akajitoa na kwenda.

Jumamosi asubuhi wanawake walikuwa uwanjani, Safi ameshatunga sifa za Musafiri lakini zinasita mdomoni. Mwavita akaingia. Mkeka kwapani, chungu kidogo mkononi, kanga ameifunga kwa safari. Kinu kilikuwa kimeelekea ukutani, jinsi kilivyolala.

"Mama, leo haukizungushi?"

Akauchukua mchi wake uliosimama ukutani, akamtia Safi mkononi. "Anzisha wewe."

"Mama Mwavita, ningejua ni yeye..." Safi machozi yakamjaa.

"Mimi nilijua," Mwavita akasema, "na nikasema."

Bondeni pembe ya msafara ililia. Akapita mlango wa matete, akateremka. Wanaume walikuwa wameshajipanga njiani, kila mmoja na mzigo wake begani, na nyuma nyuma mmoja aliyekwenda polepole, ubavu mmoja umeshuka. Mwavita hakukimbia. Alimfikia kabla ya kijito, akamwondolea kibuyu cha maji kiunoni, akaingia nyuma yake na kufupisha hatua zake zilingane na za Bakari.

Kinuni wakatwanga bila wimbo, wakiacha nafasi ya Mwavita wazi, siku hiyo na siku nyingi baadaye. Hakurudi.