Nilipelekwa Sandton kushuhudia mimba ya mafuta ya Aktiki, nikamshuhudia mdudu

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu huwa msomaji tu, nacheka na nyuzi za watu napita zangu. Leo zamu yangu. Nitakayosema yametokea kweli, nilichobadilisha ni majina, maana baadhi ya wahusika wamo humu humu.

Mimi ni dada wa Kitanzania, nasuka nywele Bertrams, Johannesburg. Mume wangu Dieudonné ni Mkongo wa Kalemie, ni mlinzi kwenye jengo moja la ofisi. Ndoa ina miaka sita. Mtoto hatujapata.

Sasa kwa msiojua ibada zetu za Kiswahili huku. Kila mwanamke anaitwa Mama Fulani. Mama Wendy, Mama Junior, Mama Précieuse. Mimi naitwa Neema.

Kuna siku mchungaji alikuwa anawashukuru waliopika. Alipofika kwangu akasita, akatafuta, akasema "na... dada yetu Neema." Kule kusita kuliniuma kuliko tusi.

Basi Mama Wendy, Mkenya, ana kazi ya ofisi Randburg, akaja saluni na chupa. Ndani kuna vidonge vya mafuta ya zooplanktoni wa Aktiki. Hao ni viumbe vidogo vinavyoelea baharini, na huyu wa kwenye chupa ni jamii ya uduvi, mdogo hata punje ya mchele inamzidi, anaishi kule juu kabisa duniani kwenye barafu.

"Hii inafungua kizazi, my dear. Wewe meza tu, wachana na maswali mingi."

Nikameza. Wakuu msinicheke, mimi nilishakunywa chai ya mizizi, maji ya upako, asali na vitunguu, na kitu kimoja cheusi cha sangoma, mganga wa huku, ambacho sikuambiwa ni nini na sikutaka kujua. Uduvi wa barafu ungenishinda nini?

Hamna kitu.

Mama Wendy akarudi, safari hii anatabasamu. Kampuni yao ya vidonge (siitaji) ina semina kwenye ukumbi wa hoteli Sandton, na mimi nitatoa ushuhuda.

"Ushuhuda wa nini? Sina mimba."

"Aki Neema, unakiri kwa imani! Unasema kama imeshatokea, ndio itokee. Na uvae dera, usituletee jeans."

Yaani mimba ilikuwa na nguo tayari. Ilikosa mtoto tu.

Tatizo lilikuwa hili. Semina inarushwa mubashara, na mama mkwe kule Kalemie ameshatumiwa link. Yule mama nikitamka tu "nimebarikiwa," anaanza kuhesabu miezi siku hiyo hiyo. Ikitimia tisa nitamwonyesha nini, chupa?

Nikamwambia mume wangu. Akajibu, "Sema tu, bibi yangu. Mama atatulia kidogo."

Na mimi nisiwadanganye, nilitamani. Nilitamani hata mara moja watu wapige makofi kwa ajili ya tumbo langu.

Ila mimi siwezi kusimama mbele za watu sijui ninachosema. Mteja wangu akiwa chini ya draya, nikaingia kwenye simu kusoma huyu mdudu anazaaje.

Wakuu, nilikaa chini.

Jike anajilimbikizia mafuta msimu wote wa chakula. Majira ya baridi anazama chini kabisa, analala. Jua likirudi anapanda juu kutaga. Yale mafuta ndiyo akiba yake ya kuvuka baridi, na aina nyingine hutengenezea hata mayai. Ndiyo hayo tunayokamuliwa sisi kwenye vidonge!

Sasa bahari inapata joto. Barafu inayeyuka mapema, mwani ambao ndio chakula chao unaota mapema, na vitoto vikija kuanguliwa vinakuta watu wameshakula na vyombo vimeshaoshwa. Tena maji yakiwa ya vuguvugu wanahamia wadudu wengine kutoka kusini, wadogo zaidi, mafuta kiduchu.

Kuna aina zinazofaidika na joto, na wanasayansi wenyewe hawajamaliza kubishana. Lakini mimi nilishaelewa. Dawa yangu ya uzazi inatoka kwa mwanamke mwenzangu mwenye shida ya uzazi.

Jumamosi ikafika. Nikavaa dera.

Ukumbi baridi, viti vyeupe, jukwaani kuna mtu anaitwa Daktari, wa nini hatukuambiwa. Nyuma yake picha ya mdudu imejaa ukuta mzima.

"Kiumbe hiki kinazaa kwenye barafu!" akapaza sauti. "Kama yeye anazaa kwenye barafu, wewe unashindwa nini hapa Johannesburg?"

Amina zikapigwa. Nikaitwa. Mama Wendy akanisukuma mgongoni huku ananinong'oneza, "Shika tumbo ukitembea."

Nikashika kipaza sauti. Nikasema hivi:

"Bwana asifiwe. Naitwa Neema. Sina mimba. Nimekuja kumshuhudia huyu hapa ukutani. Naye siku hizi watoto wanamshinda. Wataalamu wamepanda meli wakamfuata hadi kwenye barafu. Hawakumuuliza ujanani alifanya nini. Hawakumwambia afunge na kuomba. Walipima maji, wakakuta maji ndiyo yamepata moto. Mimi miaka sita napimwa peke yangu. Maji yangu hayajapimwa na mtu."



Nyuma kabisa mama mmoja wa Kikongo akasema "Eeeh!" halafu akajiziba mdomo.

Mara nikaona mlinzi anakuja mbele, sare kamili, buti. Daktari akashusha pumzi, akadhani anakuja kunitoa. Mama Wendy naye akampisha njia kwa heshima zote.

Alikuwa Dieudonné. Alitoka zamu moja kwa moja, hakupata muda wa kubadilisha.

Akachukua kipaza sauti. Mume wangu si mtu wa maneno, hata kwenye harusi yetu alisema "merci" akakaa.

"Mie ndio bwana yake," akasema. "Na mie hata siku moja sijapimwaka."

Matangazo yakakatwa hapo hapo. Ila Kalemie walishasikia.

Tukatoka kurudi nyumbani. Tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akasema, macho mbele, "Lundi, Jumatatu hii, tunaenda kliniki. Wote wawili." Nililia, wakuu, na dera langu lile. Miaka sita nilikuwa nasubiri hilo neno na sikujua kama ndilo ninalosubiri.

Kesho yake Mama Wendy akanitumia ujumbe. Nilidhani ni matusi. Hapana: "Iko ya wanaume pia, my dear. Inatoka Antaktika."

Eish.

Tumepimwa. Majibu ni ya kwetu wawili, hayataingia kwenye uzi huu.

Nilichojifunza: ukiona kiumbe kimekwama kuzaa, kabla hujakitafutia dawa, angalia kinaishi kwenye maji gani. Na wanaume mliomo humu, kupimwa hakuumi kama mnavyohadithiana. Waliowahi kukiri kwa imani mbele ya kamera waje hapa chini watuambie walimalizaje. Wauza vidonge pia mnaruhusiwa, mradi kila mmoja aje na mumewe au mkewe.

Nilitaka kusahau la mama mkwe. Zamani kila Jumapili alikuwa ananitumia sauti ndefu kuhusu wajukuu wa majirani. Tangu asikie kwamba shida inaweza kuwa kwa mwanawe, amebadilika kabisa. Sasa anasema watoto ni majaliwa ya Mungu, na watu waache kuharakisha wenzao.