Panya Namba Kumi na Nne

Maabara ile ilikuwa na sheria moja ambayo mtunza panya aliisimamia kuliko hata daktari aliyeiongoza: panya hapewi jina. Anavishwa namba sikioni, basi. Ukishampa jina, aliwaambia wanafunzi wapya, siku ya kumuua utasingizia kuumwa kichwa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vizimba, akibadilisha maranda na kupima uzito wa viumbe wasiofika gramu thelathini, na hakuna aliyewahi kumwona akidondosha chozi. Halafu sheria ikamshinda, na wala si kazini. Ilimshinda sebuleni kwa kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi wa kusuka mota, na waya wa shaba alikuwa ameushika zaidi ya alivyoshika kijiko. Alipoambiwa ana saratani ya utumbo mpana, akanywea, hata utani akaacha, yeye ambaye alikuwa hamwachi mtu apite salama. Dada yake akatafuta la kumchangamsha.

"Kaka, tunafanya kazi na shaba yako siku hizi," akamwambia. "Inatengenezwa chembe ndogo, macho hayazioni kabisa. Daktari anazidunga kwenye uvimbe wa panya, kisha anaumulika kwa mwanga ambao nao hauonekani. Chembe zinapata moto, uvimbe unaungua, nyama ya pembeni inabaki salama."

"Shaba ikipata moto naijua mimi," fundi akasema, akijiinua kwenye kochi. "Wanapona?"

"Wengine. Yuko mmoja, Kumi na Nne, mbishi huyo! Anang'ata glovu kila asubuhi. Uvimbe wake ulikuwa kama harage, leo kimebaki kigaga tu."

"Mbishi? Basi huyo ni mimi."

Kuanzia hapo, kila dada alipopita kumjulia hali, fundi aliuliza kwanza, "Mwenzangu hajambo?" Na dada akajibu, "Hajambo, anakula." Ilikuwa kweli kwa wiki mbili. Siku ya thelathini ya jaribio panya wote walilazwa usingizi wa moja kwa moja, kama ilivyopangwa. Jioni yake fundi akauliza, na dada, ambaye jina la Mungu halikauki mdomoni mwake, akajibu, "Hajambo."

Uongo huo aliubeba wiki tatu. Ndipo wifi yake akampigia simu Jumatano mchana akilia: upasuaji ni kesho, na mume wake amekataa kwenda. Anasema atasubiri mwanga.

Dada alimkuta barazani, shati limefunguliwa, tumbo ameligeuzia jua. Juu ya kitovu alikuwa ameweka koili ya waya wa shaba, imesukwa kwa ustadi wake wote. Siku nyingine dada angecheka mpaka akae chini. Leo alikaa chini bila kucheka.

"Kaka, nimekudanganya," akasema. "Kumi na Nne amekufa. Wiki tatu sasa."

Fundi hakugeuka. "Si ulisema amepona?"

"Alipona. Lakini wote lazima wapasuliwe, waliopona na wasiopona, ili daktari aone ndani. Hilo sikukuambia. Na sikukuambia kwamba uvimbe wake ulikuwa chini ya ngozi tu, mwanga ukaufikia kirahisi. Wako uko ndani kabisa. Na dawa yenyewe hajapewa mtu hata mmoja, Kaka, itachukua miaka. Wako unaweza kukatwa sasa. Ukisubiri, hatujui."

"Na kila siku unaniambia hajambo."

"Ulikuwa umeanza kutania tena. Nilishindwa."

Fundi akaiondoa ile koili tumboni, akaanza kuifungua taratibu, mzunguko mmoja mmoja, kama anayevunja mota ya mteja. Alikuwa na hofu, na dada yake aliiona waziwazi.

"Alikufa peke yake?" akauliza.

"Hapana. Alidungwa sindano ya usingizi akiwa kiganjani mwangu. Nilivua glovu. Haturuhusiwi, lakini nilivua. Nilimshika mpaka akapoa."

"Hakukung'ata?"

"Siku ile hakuning'ata."

Na hapo mwanamke aliyewacheka wanafunzi miaka kumi na tisa akalia kwa ajili ya panya, na kwa ajili ya kaka yake, bila kujua chozi lipi ni la nani. Fundi alimwacha alie. Alipomaliza kuufungua waya aliuviringa vizuri, akamwekea mapajani, kisha akafunga vifungo vya shati.

"Na mimi kesho nadungwa ya usingizi kwanza," akasema. "Saa mbili asubuhi."

"Najua."

"Basi uwahi. Watakuruhusu mpaka mlangoni." Akamnyooshea mkono ili amwinue. "Na usije na glovu."